Saa ya Baba Iliyolishwa Jua

Enzi zetu kule Nuu, saa moja ilitosha kijiji kizima. Ninyi wenzangu mliokwenda shule kwa kuangalia kivuli chenu mnanielewa. Mtoto wa leo ana saa kwenye simu, kwenye runinga, hata kwenye pikipiki, na bado anachelewa.

Ya baba ilikuwa ya chuma, nzito, yenye kioo kinene kilichojaa mikwaruzo. Aliibadilisha kwa beberu mmoja na mzee Mwislamu aliyekuja sokoni kununua mbuzi. Yule mzee alimwambia, "Hii haitaki betri. Zungusha kitufe hiki cha ubavuni asubuhi, ilishe jua, nayo itakuonyesha saa gizani." Baba aliyashika maneno hayo. Kila mchana aliianika juu ya ghala, kando ya kunde, nasi watoto tukakaa chini kuwafukuza kuku wasiidonoe. Kisha tulijifunika blanketi lake, vichwa vinne vyenye jasho, tukatazama namba zikiwaka kijani kama jani changa. Blanketi lilinuka moshi na ugoro. Sijaona sinema iliyonifurahisha kuliko ile.

Mwaka wa ukame mto ulikauka, watu wakachimba kisima mchangani. Kilifika kimo cha watu watatu, chembamba, na huko chini kulikuwa na giza hata jua likiwa utosini. Mtu mzima hakuweza kuinama mle. Tulishuka sisi wasichana wadogo, tukachota kwa kata, mama zetu wakavuta ndoo kwa kamba. Kila nyumba ilipewa robo saa. Ili walio juu wasigombane, walikubaliana kwamba aliye chini ndiye avae saa, na muda ukiisha apige kelele, "Imefika!" Baba aliitoa saa yake bila kuulizwa mara mbili. Kwangu mimi ilipanda hadi kwenye kiwiko.

Zamu yetu ilikuwa ya pili kutoka mwisho. Wa mwisho alikuwa Mama Kasyoka, mjane, jirani yetu. Siku moja robo saa iliisha mtungi wetu ukiwa nusu. Mama aliita kutoka juu, "Mwende, bado?" Nilivuta kile kitufe cha ubavuni, nikarudisha mshale nyuma dakika kumi. "Bado, Mama." Kesho yake nilifanya hivyo tena, na kesho kutwa. Mama Kasyoka akawa anapata tope.

Siku ya nne kaka yake Mama Kasyoka alikuja kisimani na redio. Taarifa ya habari ya saa tatu ilipoanza, saa ya baba ilionyesha saa mbili na nusu. Mwanamke mmoja akasema, "Kumbe saa ya Baba Mwende inajua kiu ya mwenyewe!" Wakacheka, kicheko kibaya. Baba aliitwa kutoka shambani. Aliitazama saa, akanitazama mimi.

"Saa ni yangu," alisema. "Kosa ni langu."

Aliifunga kwenye kitambaa, na sikumwona akiivaa tena. Tangu siku hiyo hakuna aliyempa kitu cha kushika kwa niaba ya wengine, wala funguo za kanisa, wala kamba ya kupimia mipaka. Nami nilinyamaza. Nilikuwa na miaka tisa, nikawa na kumi na tisa, nikaolewa Mukuyuni, nikawa bibi, au susu kama tusemavyo kwetu, bado nimenyamaza.

Tulimzika baba mwezi uliopita. Mama Kasyoka, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, alisimama kumsifu. "Baba Mwende alikuwa mtu mwema," alisema, "ukiondoa ile saa." Watu wakacheka kidogo, vile watu hucheka matangani. Kipaza sauti kikanifikia. Nikawashukuru waliotoka mbali, nikaketi.

Baada ya siku chache kaka yangu alinipa saa, ikiwa kwenye kitambaa kile kile. Nilikwenda nayo kwa Mama Kasyoka, nikamwambia yote.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Unajua baba yako alikuwa akiniletea mtungi wa maji kila jioni, kwa baiskeli, mpaka mvua iliponyesha? Mimi nikasema moyoni, mwizi amejuta. Niliyanywa yale maji nikimtukana."

"Nisamehe, Mama."

"Mimi nimezeeka, nimekusamehe. Lakini usiniambie mimi peke yangu. Waambie wote waliokuwa pale."

Waliokuwa pale wengi wamekufa. Wengine walihama na sijui waliko. Ndiyo maana ninaandika.

Siku hizi maji ya Nuu yanatoka kwenye bomba, na mto haushukiwi na mtoto. Mjukuu wangu alipoiona saa aliuliza inachajiwa wapi. Nilimwambia, juani. Alicheka hadi akakaa chini. Basi niliizungusha, nikaianika dirishani, kisha tukajifunika blanketi, yeye na mimi. Namba zikawaka.

"Susu, mbona unalia?"

Nilimwambia blanketi lina vumbi, na huo nao ni uongo. Enzi zetu watu wazima walisimama juani, wakamwamini mtoto aliye chini gizani awaambie muda. Sasa kila mtu ana saa yake, na hakuna anayeniuliza tena.