Dakika Sita Chini ya Mama Zuleide

Ukimwona Adalcino akipanda ubao wa meli na magunia mawili ya unga wa muhogo mgongoni, huwezi kuamini kwamba mtu huyu aliwahi kuogopa uzito. Aliogopa, jamani. Mimi nafanya kazi naye meli moja, tena tunafanya mazoezi ukumbi mmoja, kwa hiyo nipeni nafasi niwaeleze polepole.

Mwaka ule mto ulipojaa, rundo la magunia lilimporomokea ndani ya tumbo la meli. Alikaa chini yake karibu nusu saa, shavu limebanwa ukutani, akitusikia tunamwita na yeye hana pumzi ya kuitikia. Mbavu zilipona. Ila tangu siku hiyo hakushuka tena humo. Akifika kwenye ule mlango wa sakafuni wa kushukia, anageuka. Nahodha alimvumilia miezi minane, kisha akamwambia, "Kaka, Alhamisi tunakwenda Tefé. Kama hushuki chini, baki nyumbani, nitafute mtu mwingine."

Sasa, pale ukumbini kwetu, nyuma ya soko la samaki la Manaus, Adalcino alikuwa na miaka minne ya jujitsu. Akikukalia juu, utajuta kuzaliwa. Lakini baada ya ajali, ukimlalia kifuani tu, pa-pa, anapiga mkeka mara mbili. Na kwetu mtu akipiga mara mbili, unamwachia papo hapo na humuulizi kitu. Basi sisi kwa huruma tukawa tunamwachia hata kabla hajapiga. Tunajiinua kidogo, tunajifanya tumeteleza. Tulijiona watu wema sana.

Mwalimu Gerôncio, mwenye masikio yaliyokunjamana kama korosho, alitutazama weee, kisha Jumatatu ya wiki ile ya safari akafoka. "Nyinyi ndio mnaomfungia ndani ya woga wake! Tangu aumie, hajakaa chini zaidi ya pumzi tatu. Mama Zuleide, njoo."

Mama Zuleide anauza samaki hapo sokoni. Mkanda wa kahawia, kilo tisini na nne.

"Mlalie dakika sita," mwalimu akamwambia. "Usimkabe, usimkunje mkono. Lala tu, wala usimhurumie."

"Mwalimu, mie nimetoka kula sasa hivi."

"Ndiyo vizuri."

Kisha akamchutamia Adalcino. "Geuza uso upande, pua ipate nafasi. Kiwiko chako kikae nyongani kwa mama. Usimsukume, utachoka bure. Toa pumzi yote kwanza, ile ya kuingia itakuja yenyewe. Ukishindwa, piga, atakuachia."

Jumatatu alipiga baada ya sekunde ishirini. Jumanne alifika dakika mbili, akatoka mbio kwenda kutapika uani. Jumatano ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya safari.

Siku hiyo mvua ilipiga bati mchana kutwa, joto kama ndani ya sufuria. Mama Zuleide alishuka juu yake taratibu, kifua juu ya kifua, mkono mmoja wa Adalcino ukanaswa kwapani kwake. Dakika ya pili nikaona macho yamemtoka. Kiganja kilichobaki huru kikainuka juu ya mkeka. Nikajua, sasa hivi anapiga. Nilitaka kumwambia mama ajiinue kidogo tu. Mwalimu akanikata jicho.

Kiganja kikabaki hapo hapo hewani. Tukasikia hewa ikimtoka, ndefu, kama tairi.

Mama Zuleide, yeye anapiga soga. "Jana kaja bwana mmoja, ananunua samaki tambaki, anataka nimkatie kichwa, nikitupe. Nikamwambia, wee, kichwa ndicho kitamu! Akasema, mama, kinafanana na mama mkwe wangu, siwezi kula huku ananitazama. Nainua macho, nani kasimama nyuma yake na kikapu? Mama mkwe mwenyewe! Tulia mwanangu, nahamisha goti."

Akahamisha goti, akazidi kukandamiza. Kiganja cha Adalcino kilikuwa kimeshuka, kimelala juu ya mkeka, kimetulia.

Kengele ya dakika sita ikalia. Bado yuko chini, hakujinasua hata kidogo. Kutoka chini ya kwapa la mama ikatoka sauti nyembamba:

"Akasemaje?"

"Nani?"

"Mama mkwe."

Mama Zuleide alicheka hadi akamkandamiza upya. "Sikwambii ng'o! Utanikuta sokoni ukirudi kutoka Tefé."

Alhamisi asubuhi Adalcino alisimama kwenye ule mlango wa sakafuni. Sote tukajifanya tunatazama mto. Neno "niache nishuke mimi" lilinifika ulimini, nikalimeza. Nikasikia ile pumzi ndefu ikimtoka, halafu miguu yake ngazini.

Nikazihesabu hatua hadi ya mwisho.

"Haya, leteni gunia!" akapaza sauti. Sauti ilitetemeka, lakini ilikuwa inatoka chini.

Tuliporudi baada ya siku tisa, hakupitia kwao kwanza. Alinyoosha moja kwa moja hadi kwenye meza ya samaki.

"Haya, mama," akasema, hata salamu hajatoa. "Akasemaje?"