Bolti Isiyokatika

Fundi kufuli huyu alikuwa na dini yake ya pembeni: kitu kikifungwa, kimefungwa. Mlango wa kwake ulikuwa na makomeo matatu, na mwizi akiingia angekuta nini? Makomeo mengine ya akiba.

Kwa miaka aliunda boti ndogo ya tanga ndani ya chumba cha kushonea cha mkewe, cherehani ikahamia jikoni kuishi na masufuria. Mkewe akavumilia, kwa sharti: "Ukiizamisha, baba watoto, chumba kinarudi kwangu. Na usinililie."

Ikabaki bolti moja tu, ile ya kuushika mkuku: ubao mzito unaokaa chini ya boti ili upepo usiibwage, na unaokunjwa juu mkifika majini kusiko na kina.

Muuza vifaa akamwekea kiganjani bolti ya plastiki. "Hii ndiyo yake. Mkuku ukigonga mwamba, bolti inakatika, mkuku unajikunja, boti inapona."

Fundi akaitazama kama aliyeletewa mchumba asiye na meno. "Yaani unaniuzia kitu ambacho kazi yake ni kuharibika?"

"Ndiyo, mzee."

"Ungegombea ubunge wewe."

Mkewe naye akajaribu. "Mimi nguo nashikiza kwa uzi dhaifu makusudi. Ukivutwa, ukatike uzi, kitambaa kipone."

"Ndiyo maana suruali zangu zinafumuka."

Siku ya kushusha boti akatia ya plastiki, kumridhisha mama watoto. Kisha, kwa usalama, akatoboa tundu la pili pembeni akatia ya chuma, nene kama kidole gumba, ili ile ya plastiki isije ikakatika.

Wakapanda yeye na mkewe; tanga likajaa upepo, naye fundi akajaa zaidi. Mara, mwamba. Bolti zote mbili zikasimama kama askari wa gwaride. Kilichosalimu amri ni sakafu ya boti, iking'oka pamoja na mkuku. Maji yakaingia kwa fundi kufuli bila hata kupiga hodi.

Wakatembea kurudi nchi kavu, maji kifuani, fundi kainua juu ya kichwa kipande cha sakafu, bolti ya chuma ikiwa bado imekishika. "Umeona? Haijakatika!"

"Nimeona, baba watoto. Usiiangushe, nina kazi nayo."

Jioni hiyohiyo fundi akaikaza cherehani mezani, kule kule kwenye chumba cha kushonea, kwa bolti ileile ya chuma, akihema kwa fahari. Alipoitikisa isitikisike ndipo akili ikamjia: hapo haitoki tena.