Kilima Penye Bonde

Kilichoninyima usingizi ni alama moja: jumlisha au toa. Nilikuwa nimelala chali nikipiga hesabu upya kichwani, baba akikohoa upande wa pili wa pazia, na kila nilipofika mwisho jibu lilinigeukia. Kulipokucha nilikuwa nimeshajua. Nikajifanya sijui kwa siku nne.

Nilikuwa nimemaliza digrii ya fizikia na nilimsaidia mhadhiri wangu wa zamani nikitumaini atanipendekeza kwa maabara moja ya ng'ambo. Huko walitengeneza lenzi za eksirei, vishimo vidogo vilivyotobolewa kwa mstari ndani ya kipande cha alumini. Lenzi hizo hazikosi kasoro, na kwa sababu hiyo miale haikutani kwenye nukta moja. Lenzi yenyewe huwezi kuichonga tena. Unaweka mbele yake kibati chenye kasoro za kinyume: palipopungua kwenye lenzi, kibati kinazidi. Walituletea vipimo vya jinsi mawimbi yalivyowahi au kuchelewa, nami nikachora kibati. Wageni kutoka maabara walikuwa njiani, na mhadhiri alitaka kuwaonyesha mfano mkubwa wa mbao. Mfano wa lenzi alikuwa nao tayari. Wa kibati nikampelekea baba mchoro auchonge.

Baba alikuwa mchongaji katika karakana moja ya Pumwani, mtu wa twiga na vifaru kama wengi wa kwetu Ukambani. Aliutazama mchoro, akauinamia mpaka pua ikakaribia karatasi.

"Yaani nichonge kitu kibovu makusudi?"

"Kibovu kwa kipimo, baba."

"Kumbe ndiyo digrii hiyo. Mimi naharibu bila kwenda shule."

Alichonga kipande cha muhugu jioni kadhaa, akifumba macho na kupitisha kidole gumba juu ya kila kilima na bonde. Wachongaji husema mti ukishakatwa haurudi, na yeye hakukata kabla ya kupapasa.

Asubuhi baada ya usiku ule wa kukosa usingizi, ofisini, mhadhiri alivikutanisha vipande viwili vya mbao, ambavyo vingefaa kushikana kama viganja. Vilima vikagonga vilima.

"Nani alichonga?" akauliza.

"Baba yangu."

"Basi mzee alisoma bonde akaona kilima. Mrudishe kwa twiga wake."

Wasaidizi wawili waliokuwepo wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshaanza. Mpaka leo nakikumbuka kicheko changu kuliko chao, kwa sababu changu kilitangulia.

Jioni nilimwambia baba, "Ulikosea." Alikiweka kipande juu ya magoti, akakipapasa, akachukua mchoro, akakipapasa tena. Kisha akainua mkono na kuutazama mbele ya taa kama kitu cha kuazima. Macho yalikuwa yakimsumbua, nilijua. Kesho yake, kwa kuwa hakujua kusema uongo, alimweleza msimamizi wake kwamba ameharibu kazi ya binti yake. Msimamizi akampa kijana mwingine meza ya baba, na baba akamweka kwenye msasa, kusugua wanyama waliochongwa na wenzake.

Nilipompelekea chakula siku ya tatu, niliwasikia wachongaji wenzake wakimfanyia mzaha.

"Mzee, huyu ni twiga au ni mbuzi amenyoosha shingo?"

"Muulizeni daktari wa eksirei, ndiye huyo anaingia. Sasa, daktari? Mpige mzee picha ya macho."

Baba aliendelea kusugua. Vumbi la mbao lilikuwa limemkaa kwenye nyusi.

Nilikuwa nimeshaona kosa tangu usiku ule. Ndani ya kioo wimbi la mwanga huchelewa, na ndivyo nilivyozoea kuhesabu tangu mwaka wa kwanza. Ndani ya alumini wimbi la eksirei hutangulia, kwa kiasi kidogo mno, lakini hutangulia. Niliweka kanuni ya kioo pasipostahili, na kila kilima nikakichora mahali pa bonde. Baba alichonga nilichochora, unywele kwa unywele. Mhadhiri alikuwa ameniambia nitoe nakala nyingine ya mchoro, seremala mwingine aichonge. Ningegeuza alama kimyakimya, kipande kipya kingeshikana, ningeondoka Nairobi, na baba angebaki kipofu mbele ya watu.

Nilipima hayo siku nzima nyumbani kwetu Lucky Summer, nikitafuta njia ambayo ingetuokoa sote wawili. Sikuiona.

Siku ya nne nilibeba kipande na mchoro hadi karakana, nikaviweka mbele ya msimamizi, wote wakisikiliza.

"Pima," nikasema. "Kama kuna mahali mbao imepishana na karatasi, nionyeshe. Karatasi ndiyo yenye kosa, na niliichora mimi."

Msimamizi alipima sehemu tano, sita. Hakuna aliyefanya mzaha. Baba hakuacha msasa.

"Kwa mwalimu wako umesema?" akauliza.

"Bado."

"Basi hujasema. Hapa umekuja kujipaka mafuta ili ung'ae."

Nikakichukua kipande, nikakitia kwapani, nikatembea mpaka mjini. Mhadhiri alikuwa na wasaidizi wale wale wawili. Nilivikutanisha vipande juu ya meza yake, kilima kwa kilima, wavione vizuri.

"Fundi hakukosea," nikasema. "Alichonga nilichochora. Alama niliigeuza mimi, na nilipocheka nilikuwa nadanganya."

Hawakucheka. Mhadhiri alivuta barua ya kunipendekeza kutoka kwenye faili ya wageni, nami sikuomba airudishe.