Mzee Pazia na Filamu za Wadenmaki

Aibu hii nimeinyamazia muda mrefu, lakini kwa kuwa picha yenyewe bado inazunguka kwenye simu za Waswahili wa Doha, na kila anayeisimulia anaongeza la kwake, bora mnisikie mimi niliyekuwemo.

Mimi ni dereva wa familia moja ya Kidenmaki, na jioni nasomesha darsa pale mtaa wa Fereej Bin Mahmoud (ndiyo maana naitwa Mwalimu, au niseme nilikuwa naitwa). Wadenmaki hao ni watu wema, hawajawahi kuninyima ruhusa ya swala, Mungu awalipe. Mama wa nyumba hiyo alikuwa miongoni mwa waandalizi wa maonyesho ya filamu za kwao katika ukumbi wa hoteli, na kila nilipompeleka aliniambia nisikae garini, niingie nitazame. Basi nikawa naingia. Niliona ya watoto, binti na farasi wake mgonjwa. Niliona ya vita, askari amerudi kwao anamenya viazi na mkewe hamuulizi neno. Niliona ya kuchekesha, ndugu wanagombania jeneza la baba yao kwa sauti ya chini kana kwamba wanaogopa kumwamsha. Hata ya polisi niliiona, mvua tupu, na mpelelezi mwanamke amesimama dirishani na kikombe chake. Zote zilinipendeza. Hawapigi kelele, hawatukanani, na kila baada ya muda mtu anamimina kahawa. Nikawasifu mpaka darsani, nikasema jamani, hawa si wa dini yetu lakini haya wanayo.

Sasa oneni kosa langu lilipokuwa. Filamu zote hizo zilianza baada ya Alasiri, na Magharibi ikikaribia mimi huondoka nikaswali, kisha darsa mpaka Isha. Mwisho wa filamu ya Kidenmaki sikuwahi kuuona hata mara moja.

Wakati huo nilikuwa nimempelekea mwanangu Idrisa posa kwa binti wa Bi Zuhura, mjane wa Tanga anayefanya kazi za nyumbani Al Thumama. Jibu lilikuwa mikononi mwake na mwa kaka yake, Mzee Khatibu, na Idrisa alikwisha kukonda kwa kulingojea. Nikasikia Khatibu amesema, "Mwalimu mtu mzuri, lakini mkavu. Mtoto wetu atacheka na nani nyumba ile?" Maneno hayo yaliniuma. Nikaamua niwatoe wote wawili, na badala ya kuwapeleka kula samaki kama mtu mwenye akili, nikawapeleka filamu.

"Ina adabu?" Khatibu aliniuliza mlangoni.

"Mimi ndiye mdhamini," nikajibu (ulimi huu).

Siku hiyo filamu ilianza baada ya Isha. Nikawakalisha safu ya mbele, katikati, Khatibu baina yetu. Nusu ya kwanza ilikuwa ileile niliyoizoea: mzee amefiwa na mkewe, jirani yake mwanamke anamletea keki, wanakaa, wanamimina kahawa. Bi Zuhura akasema, "Maskini, kama mimi." Nikajiona Idrisa nimeshamwoza.

Kisha, bila kuonya, bila hata kumaliza kahawa, wale wazee wawili wakasimama na kuanza ya chumbani, tena jikoni.

Ninyi mnajua mkwe ni nani. Mbele ya mkwe mtu hata soksi havui. Nami nimekaa na wakwe wawili ambao hawajanipa jibu, na ukuta mzima mbele yetu umejaa mgongo wa mtu. Sikufikiri. Nikavua koti, nikasimama mbele yao, nikalitandaza kama pazia kwa mikono yote miwili wasione.

Nyuma ya ukumbi kulikuwa na projekta, nami sikuikumbuka. Kivuli changu kikapanda kwenye skrini, kofia, ndevu na mikono iliyopanuliwa, juu ya wale wawili kama mtu wa tatu aliyekuja kuwakumbatia. Watu wakacheka, simu zikatoka. Nikasogea kulia, mkono wa kivuli ukatua begani kwa yule mwanamke, wakacheka zaidi. Hapo nikakasirika kweli. Hawa walioficha uchafu nyuma ya viazi na kahawa hachekwi hata mmoja wao, nachekwa mimi ninayewasitiri watu?

Askari wa mlangoni, Mkenya, akaja na tochi. "Mzee wangu, keti tafadhali. Kivuli yako iko kwa screen yote, watu hawaoni."

"Ndiyo nia yangu."

"Sasa mzee, hata wale wanataka kuona?"

"Hasa hao."

Khatibu akanivuta kanzu. "Mwalimu, keti. Yale yamekwisha zamani, sasa tunakutazama wewe."

Bi Zuhura alikuwa amejifunika mtandio uso mzima, mabega yanatikisika. Nikajua analia. Nikawatoa nje katikati ya filamu, na njia nzima hadi Al Thumama nikawa namlaumu kimoyomoyo kila Mdenmaki aliyewahi kushika kamera. Kabla sijafika kwangu, picha ya kivuli ilikuwa imeshamfikia Idrisa kazini. "Baba," akanipigia, "ndiyo basi tena?"

Ijumaa Khatibu akanishika mkono baada ya swala. "Dada amekubali posa. Anasema tangu afiwe hajacheka vile, mpaka mbavu zilimuuma. Ila ana sharti."

Nikajikaza.

"Anataka kujua yule mzee alimwoa jirani yake au hakumwoa. Ulimtoa kabla."

Basi ikanibidi mimi, na umri wangu na ndevu zangu, nimuulize mama ninayemwendesha filamu ile iliishaje. Akafikiri kidogo, akasema hawakuoana, waliketi tu wakanywa kahawa, mvua ikanyesha, filamu ikaisha. Nilipompelekea Bi Zuhura jibu hilo alikasirika kuliko mimi. "Yote yale, halafu hawakuoana?"

Alhamdulillah, wetu walioana. Mpaka leo, watoto niliowafundisha Kurani wananiita Mzee Pazia, nami naitika. Lakini sitamdhaminia mtu tena kitu ambacho adhana ilinitoa kabla hakijaisha. Na wakwe nikiwatoa tena, tutakula samaki.