Dalali mzima nilikosa fremu: nilivyopata leseni ya kusimamia nyumba Tabora

Wakuu, habari za mihangaiko. Hili limenitokea mwenyewe, sikusimuliwa. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mtu wa Tabora, miaka arobaini na ushee, elimu yangu kidato cha nne.

Ujana wangu niliumalizia njiani. Nimepeleka asali Kigoma, nimeleta mchele kutoka Igunga, nimelala sana Nguruka. Babu zetu walipita njia hizo na mizigo kichwani mpaka pwani, nadhani damu ile bado inanichemka. Nikisikia honi ya treni, moyo unapanda kabla yangu.

Nilipochoka nikawa dalali wa nyumba. Kazi ilinifaa kwa sababu haina kiti. Simu na miguu, basi.

Siku moja akaniita Bi Zuhura, mjane wa Kanyenye, aliyeachiwa na marehemu mumewe nyumba kadhaa za kupangisha.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Nataka mtu wa kunisimamia nyumba zote, mimi nimechoka kugombana na wapangaji. Lakini wanangu hawamtaki dalali wa barabarani. Wanakuja Idi. Kama huna leseni siku hiyo, watawapa watu wa Mwanza."

Wakuu, kazi ya namna hiyo nilikuwa nimeitafuta miaka.

Nikaenda Dodoma kwenye kozi fupi ya usimamizi wa majengo. Tulifundishwa mikataba, kodi ya zuio, na kutochanganya hela ya mwenye nyumba na ya mfukoni. Mwalimu wetu alirudia kila siku: mpangaji mwambie ubaya wa nyumba kabla ya uzuri wake. Madalali wote tuliangua kicheko.

Nikarudi na cheti, nikadhani nimemaliza. Kumbe leseni inataka TIN ya biashara, ile namba ya mlipakodi, na TIN inataka mkataba wa pango la ofisi.

Hapo ndipo nilipokwama. Mimi niliyewapatia watu vyumba Tabora nzima, sikupata fremu ya kufungulia ofisi.

Kila mwenye fremu ananijua. Mmoja wa Kanyenye aliniambia waziwazi, "Wewe nikikupa funguo asubuhi, jioni nakuta umempangisha muuza chipsi."

Ikabidi nimwombe dalali mwenzangu, Masanja. Akanidai hela ya kunizungusha.

"Masanja, hata mimi?"

"Kaka, wewe ulimsamehe nani?"

Nikalipa. Idi imekaribia, ningefanyaje?

Akanipeleka Mtendeni kwa Mama Sada, mama mkavu anayeuza vitenge. Fremu yake ya pembeni ilikuwa tupu muda mrefu. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Dalali ndiyo wewe. Haya, inadi fremu yangu nikusikie."

Nikaanza na location, ulimi umeshakuwa mtamu. Halafu nikaona doa la maji juu ya mlango, nikamkumbuka yule mwalimu.

"Mama, bati linavuja. Sakafu imetitia pale kona. Na choo ni cha kushirikiana na saluni, mteja atapanga foleni."

Masanja akanikanyaga mguu.

"Unanitukania fremu yangu?" Mama Sada akauliza.

"Hapana, Mama. Ila nikimficha mpangaji leo, mvua ya kwanza atahama, na wewe utabaki na fremu tupu."

Akachukua kitenge, akakikunja.

"Waliotoka humu wote walihama masika," akasema. "Na wote waliletwa na huyu Masanja."

Masanja akaanza kuangalia simu yake.

Tukaandikiana mkataba kwa mwenyekiti wa mtaa. Bati nimelitengeneza, tumekubaliana gharama ikatwe kwenye kodi. TIN ikatoka, leseni nikaipata wiki ya Idi.

Sikukuu ile nikaenda kwa Bi Zuhura na kanzu yangu. Mwanawe mkubwa akaishika leseni, akaisoma mbele na nyuma, akaniuliza ofisi iko wapi. Hakuniamini, tukaenda kwa miguu mpaka Mtendeni akaione. Tuliporudi, mama yake alikuwa ameshaweka funguo zote kwenye sinia, pembeni ya pilau.

Sasa nina wenye nyumba wengine pia, mpaka Nzega.

Nilichojifunza, wakuu: hii karatasi haikuniongezea ujanja. Imewapa watu mahali pa kunikuta wakiwa wamekasirika, na ndiyo sababu wananipa funguo zao.

Madalali mlioko humu, nyie mmekwama wapi? Na wenye nyumba, semeni na nyie, leo tunawasikiliza bila kuwanadi.