Kilatini cha Ghorofa ya Sita

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili asije mtu akasoma habari hizi akidhani anasoma za shujaa. Miaka ile polisi wa Guangzhou walipoanza kukagua pasipoti mitaani kila kukicha, nilikuwa napita mtaa wa Xiaobei roho mkononi, mkoba nimeubana kwapani, macho yanahesabu kofia za sare badala ya kuangalia nguo nilizotumwa. Viza yangu ilikuwa imebakiza wiki tano. Wenzangu wenye akili walikuwa wanafunga mizigo warudi nyumbani. Mimi niligoma.

Niligoma kwa sababu Tabora nilikuwa si kitu, na Guangzhou nilikuwa mtu. Kina mama wa Tabora na Mwanza waliniamini niwachagulie magauni soko la Zhanxi na mikoba soko la Shiling, wakauze bila kuviona kwanza. Zamani viza ikikaribia kuisha ulivuka Hong Kong, ukarudi na mpya. Sasa waliovuka walirudi wamenuna, na wengine hawakurudi kabisa. Ilibaki njia moja. Chuo fulani upande wa pili wa jiji kilipokea wageni kusoma biashara kwa Kiingereza, na aliyepokelewa alipewa barua ya kuombea viza ya mwanafunzi. Lakini ilibidi kwanza ufaulu mtihani wa Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa cha dukani: last price, same colour, no fake, basi.

Mama wa Kizanzibari niliyekuwa napanga naye chumba ndiye aliyenionyesha pa kwenda.

"Wewe mwana, wacha kulia kama umefiwa," aliniambia. "Nenda Dengfeng kwa yule Mwalimu. Yule kasomeshwa na mapadri, Kiingereza kwake maji ya kunywa."

Mwalimu alikaa ghorofa ya sita, jengo lisilo na lifti, na wanaume wawili wa kwetu waliokuwa wakifunga mizigo ya watu. Alikuwa amepita hamsini, mwembamba, goti la kulia bovu. Ujanani alisoma seminari moja ya kusini, akaacha upadri, akafundisha sekondari, halafu biashara ikamleta China na ikamtupa. Viza yake ilikuwa imeisha miaka miwili nyuma. Mchana hakutoka nje. Jua alilipata dirishani, na hapo penyewe alisimama pembeni ya pazia.

Siku ya kwanza, kabla hata hajaniuliza nilifika darasa la ngapi, alinifundisha kubipu.

"Hapa hatufungulii mtu anayegonga," alisema. "Ukifika chini, nibipu mara moja. Moja ni wewe, nafungua. Ukiona wale jamaa mahali popote karibu na mtaa huu, nibipu mara mbili. Mbili tunatoka."

Niliona ni mambo ya wazee. Nyumbani tunabipu kwa kila kitu: nimefika, nimekukumbuka, nipigie mimi sina salio. Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuweka uhai wake kwenye bipu.

Nilitegemea anipe orodha ya maneno ya kukariri. Akaburuta gunia. Ndani mlikuwa na lebo, zile kadibodi zenye uzi zinazoning'inia kwenye nguo mpya. Wateja wa wale wafunga mizigo waliagiza zikatwe ili mzigo usijae bure, naye hakutupa hata moja. Nyuma ya kila lebo aliandika mzizi wa Kilatini kwa kalamu nyekundu, na lebo zenyewe zilitundikwa kwenye kamba ya kuanikia nguo, kutoka dirishani hadi mlangoni.

"Usimeze maneno, yatakushinda," alisema. "Shika mzizi. Ukishika mmoja umepata maneno kumi bila jasho."

Akaanza na port, kubeba. Import, kubeba kuleta ndani. Export, kubeba kupeleka nje. Transport, kubeba kuvusha. Nilicheka kwa sauti. Miaka miwili nilikuwa nabandika maneno hayo kwenye maboksi na sikuwahi kujua kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Nikawa nashangilia kama mtoto, nikitafuta wengine.

"Na deport, Mwalimu?"

"Hilo halitatoka kwenye mtihani," akasema, akavuta lebo nyingine.

Nilikwenda kila siku kwa wiki tatu. Tulisoma huku tumetega masikio. Hatua zikisikika kwenye ngazi, Mwalimu aliinua kidole na sote tuliacha kupumua mpaka zipite. Kisha akaendelea na silabi ileile aliyoiacha. Spect, kutazama: inspect, kutazama ndani, suspect, kutazama mtu kutokea chini, kwa jicho la wasiwasi. Tain, kushika: contain, maintain, detain. Nilianza kuona kwamba mizizi yake yote ilikuwa inazunguka mtaa wetu. Siku aliyonifundisha spirare, kupumua, na akanionyesha kwamba expire ni kutoa pumzi nje, nilifungua pasipoti yangu nikaangalia ile tarehe. Nilikuwa nikisema viza inaisha, kama chumvi inavyoisha. Kumbe ilikuwa inakata roho. Usiku huo sikulala vizuri.

Wiki ya pili nikaona mfumo wake ukifanya kazi. Tulikuwa kwenye dict, kusema, simu yake ikaita mara moja ikakatika, ikaita tena ikakatika. Aliyebipu alikuwa muuza simu wa pale chini. Mwalimu hakuuliza. Wale wenzake wawili walipanda juu ya paa kurukia jengo la jirani, kwa maana majengo ya pale yameshikana mabega. Yeye goti halikumruhusu paa, kwa hiyo alishuka ngazi ya nyuma inayotokea kichochoroni. Kabla sijasimama sawasawa chumba kilikuwa kitupu. Nilibaki mimi, kwa kuwa viza yangu ilikuwa hai bado.

Polisi wawili waliingia. "Huzhao!" Hilo la pasipoti hata mgeni wa siku moja alilijua. Mmoja alipekua yangu, mwingine alitembea chini ya kamba akizigusa lebo moja moja. Akaniuliza kitu kwa Kichina cha haraka, sikukishika. Nikamwonyesha daftari, nikasema, "Student, student," ingawa sikuwa mwanafunzi wa mtu yeyote. Wakaondoka.

Mwalimu aliporudi nilimuuliza: je, ikiwa mtu amekosea kubipu?

"Mwanangu, hapo hakuna kufikiri," alisema. "Ukianza kufikiri umeshakamatwa."

Mtihani ulikuwa Jumatatu. Kwenye habari ya kusoma nilikutana na neno subterranean, refu kama treni. Kisha nikaiona kamba ya nguo kichwani mwangu: sub, chini, terra, ardhi. Chini ya ardhi! Habari nzima ilikuwa ya treni za jiji, na baada ya hapo ilinifungukia yote. Nilitamani kusimama na kupiga vigelegele mbele ya msimamizi.

Asubuhi ya majibu nilipita kwanza Dengfeng kumuaga Mwalimu.

"Ukifaulu nibipu," alisema. "Moja tu, nami nitaelewa. Usinipigie, hiyo hela nunua mkate." Alikuwa na furaha kuliko mimi. Alikuwa amenyoa ndevu.

Pale chuoni mama mmoja wa ofisini alinipa bahasha, nikaifungua njiani nikielekea kituoni. Nimepokelewa. Nilisoma mstari ule mara tatu. Nikapanda basi, nikapata kiti, nikatoa simu, nikabipu. Basi lilikuwa limeingia chini ya barabara ya juu, na kwenye kioo cha simu niliona mtandao umekatika. Sikusikia kuita. Nikasema haikwenda. Tulipotoka upande wa pili nikabipu tena, nikasikia ikiita safi, nikakata, nikakumbatia mkoba wangu nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

Nilikaa na furaha hiyo vituo vinne hivi. Kisha, bila sababu, nikajiuliza: kama ile ya kwanza ilikwenda, si kwake zimefika mbili?

Nilipiga. Sasa nilipiga kabisa, siyo kubipu. Iliita mpaka mwisho, hakuna aliyepokea. Nikapiga tena. Nilishuka basi nikakimbia na viatu vya kisigino, nikisukuma watu, mpaka nikafika ng'ambo ya kile kichochoro.

Polisi walikuwepo. Walikuwa wamesimama mdomoni mwa kichochoro, wakikagua wapita njia kama walivyofanya siku nyingi, bila haraka, hawakuwa hata na mpango wa kupanda ghorofani. Na katikati yao alikuwa Mwalimu. Mguu mmoja kiatu, mwingine kandambili. Alikuwa anajieleza kwa Kiingereza chake kizuri, polepole, mkono kifuani, na hakuna aliyekuwa anamwelewa.

Mimi nilikuwa na barua ya chuo mkobani. Nilikuwa na viza hai ya siku kumi na mbili. Nilijua Kichina cha kutosha kusema huyu ni mwalimu wangu, ni mgonjwa wa goti, niacheni nimletee viatu. Pengine isingesaidia kitu. Lakini mtu angekuwa amesimama karibu naye. Niliingia kwenye duka la simu, nikajifanya nachagua chaja. Muuzaji aliniuliza nataka ipi, nikasema hiyo, na hiyo, na hiyo, mpaka nilipogeuka na kukuta kichochoro kimebaki kitupu.

Walimshikilia wiki kadhaa, kisha wakampakia ndege. Neno alilokataa kunifundisha nililichambua mwenyewe nikiwa kitandani: de, kuondoa, port, kubeba.

Miezi minne baadaye, mimi nikiwa mwanafunzi halali mwenye kitambulisho shingoni, simu iliita kwa namba ya nyumbani. Niliisubiri ikatike. Haikukatika.

"Leo sibipu, napiga kabisa," alisema Mwalimu, na nyuma yake niliwasikia kuku.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nimekutafuta muda mrefu nikushukuru. Zile bipu zako mbili zimewaokoa wale wenzangu. Mimi walinikuta kichochoroni, sawa, goti hili. Lakini waliponipandisha chumbani walikuta hakuna mtu. Bila wewe tungekamatwa wote watatu."

Polisi wale walipanda kwa sababu walikuwa wamemshika. Wasingemshika, wasingepanda. Nililijua hilo, na mdomo wangu ulikuwa wazi tayari kulisema.

"Ulikuwa wapi ulipowaona?" aliuliza.

"Hapo ng'ambo," nilisema.

"Mungu akubariki. Na ule mtihani je?"

"Nilifaulu, Mwalimu."

Alipiga kelele ya furaha, nikamsikia akimwambia mtu aliyekuwa karibu kwamba mwanafunzi wake amefaulu China. Kisha akarudi kwenye simu.

"Majibu yalitoka lini? Maana siku ile nilikaa na simu mkononi tangu asubuhi nikingoja bipu yako."

Nilitazama ukutani. Lebo zake zilikuwa hapo, nilikwenda kuzichukua baadaye, hofu ilipopungua.

"Yalicheleweshwa," nilisema. "Yalitoka kesho yake."

"Aa, kesho yake," alisema. "Basi nilikukosa kwa siku moja tu."