Umeme wa Njia Tatu na Mashine ya Marehemu

Mume wangu alinunua mashine ya kuranda mbao kabla mtaa wetu haujapata nguzo hata moja ya umeme. Aliipata kuukuu, kutoka kwa watu waliokuwa wanafunga kiwanda chao cha mbao, akaileta kwa trekta, majirani wakatoka kuitazama kama bibi harusi. Akaiweka katikati ya karakana na kuifunika turubai. Kila Jumamosi aliifunua, akaipaka mafuta, akaizungusha kwa mkono, akasikiliza, kisha akaifunika tena. Kuku wangu mmoja aliona chini yake ni mahali pazuri, akawa anatagia hapo. Mbao zetu za mninga tuliendelea kuziranda kwa mkono, yeye na mimi.

Nguzo zilifika mtaani miezi mitano baada ya kumzika.

Fomu ya kuomba umeme ilikuwa na mahali pa kuchagua: njia moja au njia tatu. Mimi niliishia darasa la saba, na umeme tuliofundishwa ulikuwa betri, waya na balbu, vyote vimechorwa ubaoni. Nikauliza watu. Jirani wa kushoto akasema njia tatu inakula umeme mara tatu, hata ukiwa umelala. Jirani wa kulia akasema hapana, njia moja ni ya nyumba, ya pili ya karakana, na ya tatu unaweka akiba kama mahindi ghalani. Hii ya akiba niliipenda, na kwa siku mbili niliwaeleza wengine kama mtu anayejua.

Kisha akaja shemeji yangu kutoka Kabungu, mdogo wake marehemu. Ana injini ya dizeli ya kusagia mahindi, na tangu matanga macho yake hayakuwa yakibanduka kwenye lile turubai.

"Shemeji," akaniambia, "wewe chukua njia moja. Taa ziwake, uchaji simu, usikilize redio. Hiyo mashine nitaichukua mimi, niifunge mkanda kwenye injini yangu."

"Na mimi nitaranda na nini?"

"Kwani mwanamke mjane anaranda?"

"Huyu mjane alikuwa anaranda mume wake akiwa hai. Kabati lako la Kabungu unafikiri lilirandwa na nani?"

Lile kabati analipenda. Mwisho tukapatana mbele ya wifi yangu, dada yao mkubwa anayekaa Mwese: umeme ukivutwa na mashine ikiranda, inabaki kwangu. Isiporanda, inakwenda Kabungu siku hiyo hiyo. Wifi akasema amesikia, na wifi akisema amesikia, hakuna tena wa kugeuza.

Fundi wa umeme aliyekuja kupima nyumba alikuwa kijana mpole mwenye kofia. Akafunua turubai, akafukuza kuku, akasoma kibati kwenye mota. "Mama, hii mota ni ya njia tatu. Ukiipa njia moja haitaondoka. Italia tu na kuungua."

"Kwa nini isiondoke? Umeme si umeme?"

Akafikiri namna ya kunieleza. "Ni hivi, mama. Mzigo mkubwa haubebwi na mtu mmoja. Chukulia jeneza..." Akasimama hapo. Akatazama kitambaa changu cheusi, akavua kofia, akaivaa tena kinyumenyume. "Samahani, mama. Chukulia kabati."

Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi, na nilicheka vibaya, mpaka kuku, aliyekuwa amerudi, akakimbia tena. Nikamwambia jeneza nimelielewa vizuri zaidi.

Nikachagua njia tatu. Sitasema nilikuwa jasiri. Ni ghali zaidi na niliogopa. Lakini nilijiuliza ile mashine ikishaondoka nitaamka kesho yake nifanye nini, na sikupata jibu.

Siku ya kuwasha, shemeji alikuja asubuhi na gari dogo la mizigo, kamba na vijana wawili wa kubeba. Hakutaka hata kuficha. Wifi alikuja kutoka Mwese kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye kope, akakaa mlangoni mwa karakana kama hakimu. Fundi alimaliza kufunga nyaya saa saba mchana. Nilikuwa nimepika ugali na samaki wa migebuka, nikamkaribisha nyuma ya nyumba.

Akasema, "Msiwashe mpaka nirudi. Nataka kwanza niijaribu ikiwa tupu."

"Sawa," tukasema wote.

Hajamaliza tonge la pili, shemeji akaanza kutazama jua. "Gari la watu hili, shemeji. Mimi nasubiri nini, mtu ashibe?" Wifi naye akasema mashine ya kaka yake haiwezi kuanza tupu, kama mgeni anayekaribishwa maji matupu. Ilishe ubao wake. Akanichagulia kipande cha mninga alichokiacha marehemu, kimesimama ukutani.

Nilijua nimeambiwa nisubiri. Niliwasha. Kosa hili ni langu, na naliandika hapa kwa sababu mpaka leo wifi anasema ni la fundi.

Mashine ikanguruma vizuri kabisa. Nikashika ubao, nikausukuma mbele kama nilivyoona watu wakifanya. Badala ya kurandwa, ubao ulinyakuliwa mikononi mwangu. Ukaruka mbele, ukapita mlangoni pembeni ya wifi, ukateleza kwenye vumbi, ukaenda kusimama mbele ya miguu ya shemeji aliyekuwa anafungua kamba zake. Nikauokota. Haukurandwa hata unyoya, ulikuwa na michubuko tu.

Nikazima.

Shemeji akasema polepole, "Mmeona wenyewe. Kaka anakataa. Ameniletea mimi."

Wifi alikuwa anatazama gurudumu la mota likimalizia kuzunguka. "Inazunguka kinyume," akasema. "Jumamosi alikuwa anaizungusha kwenda huku. Nimemwona kwa macho yangu. Leo inakwenda kule." Akasimama. "Kuna mtu ana neno na marehemu hajalisema. Leteni maji."

Katika ukoo wa mume wangu, jambo la marehemu likienda kombo, kila mmoja hushika kikombe cha maji, husema kilicho moyoni, kisha hupiga funda na kulitema nje ya kizingiti. Wifi ni Mkatoliki wa kila Jumapili, kwa hiyo tulianza na ishara ya msalaba, pasiwe na upande wa kununa.

Alianza mwenyewe. "Kaka, ile asali ya Mwese niliyosema imemwagika njiani, niliiuza." Akatema.

Ikaja zamu yangu. Nilitaka kusema kitu kidogo, lakini nilipoinua kikombe nikamwona kabisa, amekaa juu ya benchi na penseli sikioni. Nikayanywa yale maji yote, ikabidi nipewe mengine. "Mume wangu," nikasema, "kile kigoda ulichonitengenezea wakati unanichumbia. Nilikwambia kimeliwa na mchwa. Hakikuliwa. Masika ile kuni zilipolowa, nilikichoma, nikaivishia maharage."

"Ee!" akasema wifi. "Alikililia miaka yote kile kigoda!"

"Najua, wifi. Nilikuwepo."

"Na maharage yaliiva?"

"Yaliiva."

Nikatema. Shemeji alichukua kikombe, akakirudisha, akakichukua tena. Vijana wake wa kubeba walikuwa wanamtazama.

"Kaka," akasema, "ile randa yako ya mkono. Ile ya mpini mweusi. Siku ya matanga, watu wakiwa wanakula, niliiweka chini ya koti."

Nilikuwa nimeitafuta randa ile tangu matanga. Nilikuwa nimemshuku jirani wa kulia, yule wa akiba, na sikumsalimia vizuri wakati wote huo. Shemeji akatema maji, mengine yakamwagikia shati.

Hapo ndipo tulipomwona fundi. Alikuwa amesimama nyuma yetu, kofia mkononi, shavu moja limejaa samaki. Alidhani ni sala ya familia, akawa anasubiri tumalize.

"Mmeshawasha?" akauliza alipomeza.

"Inakwenda kinyume," nikasema.

"Basi ni nyaya mbili tu za kubadilishana, mama. Njia tatu ndivyo zilivyo, zikipishana mota inageuka. Ndiyo maana nilisema nijaribu kwanza."

Akazima umeme kule kwenye mita, akafungua kifuniko cha mota, akahamisha nyaya mbili, hii hapa na hii pale. Hata dakika kumi hazikuisha. Akaijaribu tupu, akaniita. Nikaurudisha ule ubao wa mninga. Safari hii ulipita polepole, unatoa maranda mekundu, na upande wa pili ukatoka laini kama shavu la mtoto. Harufu ya mninga mbichi ikajaa karakana. Nikageukia ukutani kidogo, na watu wakaniacha.

"Amekubali," akasema shemeji kwa sauti ndogo.

"Ni nyaya, baba," akasema fundi.

"Na nyaya hizo mbona hukuzibadilisha kabla hatujasema?" akauliza wifi.

"Nilikuwa nakula, bibi."

"Nani aliyekufanya uwe unakula?"

Fundi akaenda kumalizia samaki wake.

Gari la shemeji lilirudi Kabungu na kamba zake na vijana wake. Wiki iliyofuata randa ikaja kwa bodaboda, imefungwa kwenye gazeti, bila salamu. Imenolewa. Nikaenda kwa jirani wa kulia, nikamsalimia mara mbili.

Fundi alinichorea mshale kwa chaki juu ya mota, unaoonyesha inakopaswa kuzunguka. Alinionya kwamba nguzo zikitengenezwa nyaya zinaweza kupishana tena, na nisiwashe na ubao kabla ya kutazama. Masika iliyopita ilitokea kweli. Mti uliangukia nyaya za barabarani, zikatengenezwa, na nilipowasha mota ikawa inakwenda kinyume na mshale. Nikazima, nikampigia fundi. Akasema yuko njiani, nusu saa.

Nilikuwa peke yangu, na nilijua kabisa ni nyaya. Hata hivyo nilichota maji kwenye kikombe, nikaenda kizingitini, nikamwambia mume wangu kwamba wali wa siku ya mazishi yake uliungua, na watu walikula bila kusema neno.